Sisi Tuliokula Kasa

Fungu la nyama ya kasa, mjukuu wangu, lilikuwa shilingi moja. Nazungumzia Bweni, kaskazini mwa Mafia, miaka ile iliyofuata Azimio la Arusha, shilingi ilipokuwa bado ina heshima yake na mtu akitoka nayo nyumbani alijua atarudi na kitu. Kwa shilingi hiyohiyo ungepata fungu la changu au la tasi, kitoweo cha nyumba nzima, lakini siku alipoangushwa kasa pwani mafungu ya samaki yalilala juu ya makuti yakilindwa na nzi, na watu wote walikuwa kwa mjomba. Mjomba wangu huyo ndiye aliyekuwa mpasuaji: mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimebaki nusu kwa sababu ya samaki mkunga aliyemuuma ujanani, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alimpindua kasa chali, akapitisha kisu kwenye mshono wa gamba la tumbo, akalifungua lote kwa mara moja, na ndani mkaonekana yale mafuta ya kijani ambayo harufu yake sijaikuta kwa mnyama mwingine, nusu majani ya baharini, nusu samli. Moyo aliuweka pembeni juu ya jani la mgomba, nao ukaendelea kudunda muda mrefu baada ya mwenyewe kwisha kugawiwa mafungu. Sisi watoto tuliuzunguka tukishindana kubashiri utanyamaza saa ngapi.

Si kwamba kila mtu alikula. Mwalimu wetu wa chuoni alishikilia kwamba mnyama anayeishi baharini na nchi kavu hana nafasi kwenye sahani ya mtu wa madhehebu ya Shafi, na wapo waliomfuata. Wengine walisema kasa katoka baharini, na cha baharini ni halali, yamekwisha. Wengine hawakuonja nyama, ila uvunguni hawakukosa chupa ya mafuta yake kwa ajili ya mtoto mwenye pumu. Ama ng'amba, yule mwenye mdomo uliochongoka, nyama yake iliogopwa. Wazee walimtupia kunguru kipande kwanza, wakakaa kivulini kumtazama. Thamani ya ng'amba ilikuwa mgongoni. Magamba yake yalibanduliwa kwa maji ya moto, yakasuguliwa kwa mchanga mpaka yakaanza kupitisha mwanga, kisha yakapelekwa Kilindoni kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeyapima kwa ratili, miwani imeshuka kwenye ncha ya pua, akigonga kila gamba kwa ukucha kusikiliza kama lina ufa. Aliyerudi na fedha ya magamba hakuzungumzia tena bei ya mbata siku hiyo. Yalikokwenda baada ya hapo sisi hatukujua. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba biashara hiyo ilikuwapo pwani hii karibu miaka 2,000 iliyopita, enzi za wale mabaharia wa Kiyunani walioandika habari za Rhapta, na kwamba katika zama zetu mnunuzi mkubwa alikuwa Mjapani, aliyechonga vitana na fremu za miwani, mpaka alipofunga mlango mwishoni mwa mwaka 1992.

Mayai yalikuwa ya bure kwa aliyewahi kuamka. Ulipita pwani alfajiri, kabla upepo haujafuta nyayo, ukaona mchanga umelimwa kutoka majini hadi juu kwenye majani na kurudi tena majini. Ukashika fimbo nyembamba, ukachoma hapa, ukachoma pale, mpaka ikaingia bila kusukumwa na kutoka na utomvu wa manjano. Kiota kimoja kilikuwa na mayai mia na ushei. Yai la kasa halina ganda la kuvunja. Ni la mviringo, ukilibonyeza linabaki na kishimo. Ulichemshe asubuhi mpaka adhuhuri, kiini kitaganda lakini ute hautaganda kamwe, kwa hiyo halimenywi: unalitoboa kwa jino, unatia chumvi, unafyonza. Yakizidi, bibi mmoja wa mtaa wa juu aliyauza akiwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka wake, kila yai kwa senti tano, ile sarafu ya rangi ya shaba yenye picha ya samaki. Hakuinua macho kukuhesabia. Vidole vilisuka, na mayai yaliyotoka kapuni aliyajua kwa sauti tu.

Nimemwona kasa akitaga, na nitakueleza alivyo, kwa kuwa siku hizi wageni hulipa ili kuona vifaranga wakitoka kule Juani, na huenda ukadhani jambo hili lilianza na wageni. Jike hupanda usiku, maji yakiwa yamejaa, akijikokota na kupumzika, na kila akipumzika hutoa pumzi nzito yenye harufu ya majani ya chini ya bahari. Akifika juu huchimba kwa miguu ya nyuma, mmoja mmoja kwa zamu: mmoja unachota mchanga na kuumwaga kando, mwingine unafagia ule uliotaka kurudi shimoni. Hatazami anachokifanya. Akianza kutaga, mayai huanguka mawili mawili, matatu matatu, yakiteleza kwa ute, na hapo ungeweza kumkalia mgongoni asijali. Machozi humtoka, na bibi zetu walisema anawalilia wanawe. Wataalamu wanasema ni chumvi ya bahari anayoipunguza mwilini. Akimaliza hufukia, hushindilia, kisha hutapanya mchanga ovyo eneo zima ili mwizi asijue pa kuanzia. Mwizi wa Bweni alijua.

Hapo, mjukuu wangu, ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Watu waliokula kasa ndio waliomjua. Chini ya mnara wa taa wa Ras Mkumbi, ule ambao Mjerumani aliujenga mwaka 1892, aliishi mzee mmoja mvuvi aliyemtambua jike fulani kwa kovu la begani. Alituambia: huyu akija masika hii atapanda mara kadhaa, kila baada ya siku kumi au wiki mbili hivi, kisha msimuulizie mwaka ujao wala unaofuata, atarudi baadaye, na atarudi palepale. Tulimcheka. Miaka mingi ikapita kabla ya watafiti duniani kupachika vibamba vya kutosha kwenye mikono ya kasa na kuthibitisha mambo yaleyale: hutaga mara kadhaa kwa msimu, hupumzika miaka miwili mpaka minne, hurudi kwenye ufuo uleule. Mzee huyo alijua pia wapi kwenye majani wanakula, kina kipi wanalala, na babu yake alimsimulia habari za wavuvi wa kaskazini, Wabajuni, waliomfunga samaki chazo kamba mkiani na kumwachia amfuate kasa na kumng'ang'ania mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwekea mbele kalamu na karatasi.

Watafiti wenyewe hawakuwa wageni kabisa kaskazini mwa Mafia. Pat Caplan, mama wa Kiingereza, alikuwa ameanza kukaa vijiji vya huku tangu mwaka 1965, lakini yeye aliandika habari za watu, ndoa zao, mashamba yao na mashetani yao. Habari za kasa wa Tanzania ziliandikwa kitaalamu na Mmarekani Jack Frazier, katika jarida la Tanzania Notes and Records la mwaka 1976. Wakati huo kisiwa kilichosifika zaidi kwa kutagiwa hakikuwa chetu, kilikuwa Maziwe, mkabala na Pangani. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Bahati mbaya miti yake ilikwisha kukatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na miaka michache baadaye kikabaki fungu linalozama maji yakijaa. Kasa waliozoea kupanda pale walikuta maji.

Mwaka huohuo wa 1975, baada ya Msumbiji kupata uhuru wake mwezi wa sita, wavu wa jarife wa watu wa Bweni ulimnasa duvi, kasa mwenye kichwa kikubwa ambaye kwetu alikuwa nadra. Alipoletwa pwani mjomba alimshika mkono wa mbele ili ampindue, akauachia kwa mshtuko. Kwenye ukingo wa mkono kulikuwa na kibamba cha chuma, kimekunjwa na kubanwa kama hereni ya ng'ombe. Kimeota ukijani kwa chini. Kilisuguliwa kwa jivu, zikatokea namba na maneno ya Kizungu, akaitwa mwalimu wa shule. Mwalimu alisoma kimya, akasoma tena, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba anwani iliyopo hapo ni ya Afrika Kusini.

Lazima uelewe zama zile. Redio ilikuwa haikauki habari za Makaburu. Wapigania uhuru walikuwa na kambi zao nchini kwetu. Mwalimu Nyerere hakutaka tuwe na shughuli yoyote na utawala ule. Sasa chuma cha Kaburu kiko pwani ya Bweni, kimevaliwa na kasa. Balozi wa nyumba kumi aliuliza kama ndani hakuna redio. Mgambo mmoja kijana, aliyetoka mafunzoni karibuni na bado anatembea kifua mbele, alitaka mnyama azikwe bila kuguswa. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa amekuja na bakuli lake, aliuliza kama Kaburu ametia sumu au hakutia, maana kama hakutia, jua linapanda. Hoja yake ilishinda. Nyama ililiwa, nayo ilikuwa ngumu na yenye shombo kuliko ya kasa wa kawaida, na kibamba kikafungwa kwenye kipande cha gazeti la Uhuru kikapelekwa Kilindoni kwenye ofisi moja. Huko bwana mmoja alikipokea, akakitia kwenye mtoto wa meza, na hatukusikia tena habari zake. Nani angethubutu kumwandikia barua Kaburu kumwambia kasa wako tumempata, alikuwa mnene?

Nilikuja kuelewa kisa hicho nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Kaskazini ya Natal, kwenye ufuo wa Tongaland, askari wa wanyamapori walikuwa wameanza mwaka 1963 kulinda duvi wanaotaga na kuwapachika vibamba, na mtafiti George Hughes akajenga juu ya kazi hiyo utafiti wa maisha yake. Vibamba vyao vilipatikana Msumbiji, Madagaska, Tanzania. Kutoka huko hadi Mafia ni zaidi ya kilomita 2,000. Wazulu na Watonga walikuwa wanakesha ufuoni kumlinda mnyama ambaye sisi tulimgawa mafungu, na sisi hatukuwajua, nao hawakutujua. Duvi wa Bweni sidhani kama yumo kwenye daftari lao. Ni namba moja tu, lakini hesabu ya wanyama hukosewa hivyohivyo, namba moja moja, kwa barua ambazo hazikuandikwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kisha yakaenda mbio. Baruti ilivunja miamba miaka ya sabini na themanini, na ukisimama pwani ulisikia mshindo wake tumboni kabla ya masikio. Tangu 1989 vijana wa Kiingereza wa Frontier, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizamia huku wakipima matumbawe. Mwaka 1995 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822, lakini imelalia kusini, upande wa Chole, Juani na Jibondo. Sisi wa Bweni tulibaki tunaisikia kwa wenzetu. Kilichobisha hodi kwa kila mtu ni ule mradi wa kasa na nguva ulioanza Mafia mwaka 2001 chini ya Catharine Muir, ambao leo mnaujua kwa jina la Sea Sense.

Watu wa mradi hawakuanza na makatazo. Sheria ya kukataza ilikuwepo, na sheria ikiwa Dar es Salaam na kiota kikiwa Juani, kiota huliwa. Wao walikuja na daftari na fedha ndogo. Aliyeona kiota akatoa taarifa alilipwa. Mayai yakitotolewa aliongezewa kwa kila kifaranga. Yaliyooza nayo yalilipwa, kwa bei ya chini zaidi. Ukitazama kijuujuu utasema ni hongo. Mimi naona ilikuwa akili nzuri, maana kuanzia siku hiyo aliyeiba mayai hakuwa anaiibia Serikali, alikuwa anamwibia jirani yake, na jirani ana macho usiku. Wezi wa mayai ndio waliokuwa wa kwanza kuajiriwa kulinda viota, kwa sababu hiyohiyo niliyokwisha kukueleza: hakuna mwingine aliyejua kuvitafuta. Ile fimbo nyembamba iliachwa, wakajifunza kuchimba kwa mikono.

Niliwahi kukaa nao wakifukua kiota ambacho vifaranga walikwisha kutoka, yapata miezi miwili baada ya kutagwa. Kijana mmoja, ambaye baba yake nilikula naye mayai mengi, alilala kifudifudi mkono umezama mpaka begani, akawa anatoa maganda na kuyapanga mafungu juu ya mchanga: yaliyototolewa huku, yaliyooza kule, yenye kifaranga aliyekufa ndani mahali pake. Uvundo wake ni wa yai viza lililochanganyika na pweza wa juzi, na kijana hakuziba pua. Aliandika tarehe, idadi, umbali kutoka alama ya maji kujaa. Akanieleza kwamba jinsia ya kifaranga haitoki kwa baba wala mama, inatoka kwenye joto la mchanga. Kwenye nyuzi 29 hivi hupatikana mchanganyiko. Ukizidi moto hutoka majike, ukipoa hutoka madume. Kwa hiyo anayefyeka vichaka vya juu ya ufuo ili apate mandhari ya bahari anaamua, bila kujua, wataoana wangapi miaka thelathini ijayo, maana kasa huchukua miaka ishirini mpaka arobaini kukomaa. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe pale: kifaranga wa mwaka ule wa 1975, kama alinusurika, ndiyo kwanza alikuwa anapata kupanda ufuoni.

Siku moja watafiti walituita wazee tukae nao chini ya mwembe. Walitaka kujua zamani walikuwa wangapi. Wapo walioona haya, wakisema tutajitia matatani kwa kukiri tuliwala. Mimi niliwaambia wenzangu habari za chura wa Kihansi. Huyo alikuwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa, makazi yake yote hayazidi hekta mbili. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza, na Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waliomwandika kwa mara ya kwanza. Maji yalipohamishiwa kwenye mitambo manyunyu yalikatika. Wakachukuliwa vyura 499 mwaka 2000 kupelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini amekwisha. Wanaorudishwa Kihansi tangu 2012 ni kizazi cha wale waliosafiri kwa ndege. Chura yule hakuwa na shahidi. Kabla ya 1996 hakuna mtu wa kueleza walikuwa wengi kiasi gani, wala ugonjwa uliwahi kupita au haukupita, kwa kuwa hakuna aliyemla, hakuna aliyemuuza, hakuna aliyemtungia hadithi. Kasa anatuhusu sisi tangu babu zetu. Daftari la Mafia linaanza 2001, na mtafiti anayelifungua ukurasa wa kwanza ataona viota vichache na kudhani hapo ndipo mwanzo. Sisi tunajua kwamba hapo palikuwa tayari karibu na mwisho. Basi tulisema yote, kuanzia mafungu mpaka bei ya yai, mafuta mpaka kasa wawili kwa mkupuo mmoja, nao wakaandika.

Leo kiota si taabu kubwa tena. Taabu iko majini, kwenye jarife, ule wavu wa matundu makubwa unaotegwa jioni kwa ajili ya papa na taa na kuinuliwa asubuhi. Kasa hupumua hewa. Akinaswa mwanzo wa usiku, alfajiri anainuliwa amekufa. Mpwa wangu mmoja anao wavu kama huo. Namwambia auangalie katikati ya usiku, ananijibu mafuta ya mashine ni ghali, na hilo siwezi kulibishia. Namwambia basi asilete nyama nyumbani, hasa ya ng'amba, kwa kuwa sumu yake haiishi kwa kupikwa. Mwezi wa tatu mwaka 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walikufa kwa nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Hilo alinikubalia haraka. Kisha akacheka, akaniuliza mbele za watu, mjomba, si na nyinyi mlikula? Nikamwambia tulikula, na ndiyo maana nikikuambia walikuwa wengi, huna wa kunikanusha.